Ukiugua Siku ya Nne, Unateremkia Wapi?

Baba mdogo hakuniuliza safari itagharimu kiasi gani, wala kama nina koti la maana. Alisikiliza maelezo yangu yote kwenye simu, mimi nikiwa bwenini Chandigarh, kaskazini mwa India, yeye akiwa kibarazani kwake Marangu na kuku wakigombana nyuma yake. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Ukiugua siku ya nne, unateremkia wapi?"

Nikacheka. "Baba mdogo, mimi ndiye ninayeshusha watu. Mimi sishushwi."

Akanyamaza kidogo, kile kimya anachompa mgeni anayejisifu getini kwamba kwao amemaliza milima yote. "Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini hujanijibu."

Yeye amepandisha watu Kilimanjaro tangu sijazaliwa. Mimi nilibeba mizigo misimu miwili baada ya kidato cha sita, nikiwa mmoja wa wagumu, kama wapagazi wanavyoitana kule juu, kisha nikawa msaidizi wa kiongozi mpaka nilipopata nafasi ya masomo India. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nimekifikia mara kumi na moja. Naitaja namba hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Mwenzangu katika safari hii alikuwa kijana wa Mombasa tuliyeishi naye ghorofa moja, mtoto wa Mji wa Kale, ambaye mlima mrefu kuliko yote aliowahi kuupanda ni ngazi za Fort Jesus. Aliona picha ya ziwa Tso Moriri, maji ya buluu katikati ya vilima visivyo na hata mti mmoja, akaniganda kama kupe. Kila jioni ananiuliza: "Bwana, twenda lini?" Tukachagua njia ya miguu kutoka Rumtse hadi Korzok, kando ya ziwa lenyewe, kwenye uwanda wa Changthang huko Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Ni wiki nzima ya kutembea, na ukiacha makazi machache karibu na ziwa jingine la katikati, Tso Kar, hakuna kijiji wala duka.

Ladakh iko nyuma ya Himalaya, na milima ile inazuia mvua zinazopanda kutoka Bahari ya Hindi. Leh, mji wake mkuu, hupata karibu milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima. Kwetu Marangu mwezi Aprili peke yake unaweza kukupa zaidi ya hizo, na watu bado wakalalamika kwamba migomba imekosa maji. Kwa hiyo ni jangwa kweli, ila jangwa la kuvaa glovu.

Na jangwa la baridi halikuwa geni kwangu, au ndivyo nilivyojidanganya. Pale Saddle, ule uwanda kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, ni changarawe na upepo tu. Maji ya mwisho unayaacha njiani baada ya kambi ya Horombo, na wagumu wanayabeba mabegani hadi kambi ya Kibo. Nimeyabeba sana. Nilichosahau ni kwamba Saddle mtu anapita, anaumwa kichwa, anafika kileleni asubuhi, na jioni yake amelala Horombo. Changthang hupiti, unakaa. Usiku saba juu ya mita 4,200, bila kushuka chini yake hata mara moja.

Usiku ule baada ya simu nilichukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikachora njia yetu kwa mwinuko. Rumtse takribani mita 4,200. Kambi ya Kyamar, 4,400. Halafu Kyamar La, zaidi ya 5,000. "La" kwa lugha yao ni pale njia inapouvuka mgongo wa mlima. Halafu Mandalchan La, karibu 5,200, siku hiyohiyo. Kambi ya Tisaling, chini kidogo tu ya 5,000. Kesho yake Shibuk La, karibu 5,270, ndipo unashuka Tso Kar, 4,550. Ramani mbili nilizokuwa nazo zilipishana hata mita mia hapa na pale, lakini umbo lilikuwa lilelile: meno ya msumeno.

Kilimanjaro imekaa kama kichuguu. Popote ulipo, chini ni chini. Mgeni akizidiwa kambi ya Kibo, mita 4,720, anafungwa kwenye machela ya tairi moja, vijana wanne wanaikamata, na saa chache baadaye yuko Horombo, mita 3,720, anaomba supu. Mimi mwenyewe nimekimbia na ile machela usiku, tairi likiruka juu ya mawe, na sijawahi hata siku moja kujiuliza chini ni upande gani.

Nikaweka kidole Tisaling. Nyuma migongo miwili, mbele mmoja. Kambi iko ndani ya bakuli. Mtu akiugua pale, ili ateremke lazima kwanza apande.

Halafu nikatazama barabara, na hapo ndipo usingizi ulipoisha. Tso Kar gari linafika. Lakini njia fupi ya gari kutoka Tso Kar kwenda Leh inapita Tanglang La, kama mita 5,300, juu kuliko mgongo wowote ambao mgonjwa angekuwa ameshauvuka kwa miguu. Iko njia ya pili, ndefu, inayozunguka mashariki: inavuka Polokongka La, chini kidogo ya 5,000, inashuka bonde la Puga, inaukuta mto Indus pale Mahe, kisha inaufuata mto kuteremka mpaka Leh. Ukishafika mtoni hupandi tena. Ni mara mbili ya muda. Nilikaa na hilo swali la njia fupi ya juu au ndefu ya chini mpaka adhana ya alfajiri ikasikika kutoka simu ya mwenzangu chumba cha pili.

Tukapanga upya. Usiku nne Leh kabla ya kuanza, badala ya mbili. Usiku mmoja Rumtse, usiku mbili Kyamar. Na gari likutane nasi Tso Kar siku ya tano, likituletea vyakula na mafuta ya taa, lisubiri mpaka kesho yake, kisha lirudi Leh kwa njia ya Mahe, likiwa tupu au likiwa na mtu. Mwenzangu aliposikia bei ya hilo gari alishika kichwa. "Gari la kufuata watu wanaotembea! Hii si safari, hii ni harusi." Hata wakala wa Leh alituambia hakuna anayeomba kitu kama hicho. Hakuna shida, hakuna shida, akawa anarudia, na kila akirudia nami nazidi kulitaka gari.

Mambo ya karatasi niyapite haraka, ila yana mitego. Mgeni asiye raia wa India anahitaji kibali maalumu kuingia maeneo yale, kinaombwa kupitia wakala aliyesajiliwa, na kwa kawaida hakitolewi kwa mtu mmoja peke yake. Kibali kina tarehe. Kwa hiyo siku za kupumzika unaziomba tangu mwanzo, la sivyo utajikuta unapanda ukiumwa kwa sababu karatasi inaisha Alhamisi. Toa nakala nyingi. Kila kizuizi wanachukua moja. Laini ya simu ya kulipia kabla uliyosajili mikoa mingine ya India haishiki Ladakh, na simu ya setilaiti bila kibali cha serikali ni kosa linaloweza kukulaza rumande. Maana yake ni kwamba lile gari hatungeweza kuliita. Siku ya tano ni siku ya tano. Tulishikana mikono na dereva kama watu wanaouziana ng'ombe.

Kuhusu bima, soma maandishi madogo. Nyingi zina kikomo cha mwinuko, na kikomo hicho mara nyingi kiko chini ya mahali utakapolala.

Ndege kutoka Delhi ilitupandisha kwa saa moja na kitu tu, kutoka mita 200 hivi hadi 3,500. Kila anayeijua Leh atakwambia siku mbili za kwanza lala, kunywa maji, tembea kama bi harusi. Mwenzangu alilala kweli, akanywa chai, akatazama dari. Daktari wa chuo alikuwa amempa vidonge vya asetazolamaidi, vya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, baada ya kumuuliza kama ana mzio wa dawa za salfa, naye akawa anavimeza asubuhi na jioni bila kukosa. Mimi nilivikataa. Hizo ni dawa za wageni, nikasema. Jioni ya siku ya kwanza nikapanda ngazi zote za Shanti Stupa, mnara wa Kibudha juu ya kilima, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la wagumu wenzangu. Wakanijibu kwa vigelegele. Baba mdogo aliiona, hakujibu kitu.

Siku hizo za Leh ndizo nilizonunua maharage. Kilo tatu, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mwenzangu akasema tuchukue na presha kuka ya mama mwenye nyumba ya wageni, na mama mwenyewe alikuwa tayari kutuazima. Nikakataa, chuma kizito cha nini. Mpagazi wa Kilimanjaro hapewi mzigo wa zaidi ya kilo 20, na mimi nilikuwa nimezoea kuhesabu kila gramu juu ya shingo ya mtu. Nikasahau kwamba safari hii hatukuwa na wagumu. Tulikuwa na farasi wanne wadogo wenye vifua vipana, ambao presha kuka moja wasingeijua kama ipo.

Mwenye farasi alikuwa mtu wa makamo, uso umekaushwa na jua, anavaa kofia ya sufi hata adhuhuri. Tulimwita Acho-le, kaka mkubwa kwa heshima, kama wanavyoitana wao, na yeye alituita sisi wadogo zake. Tulizungumza kwa Kihindi chetu cha sokoni. Siku ya kwanza alinifundisha jambo ambalo halikuwa kwenye daftari langu: kambi haipangwi na miguu yenu, inapangwa na nyasi. Farasi asipokula usiku, kesho hamna safari. Kuna sehemu nilitaka tusimame chini zaidi, mahali pazuri pa tambarare, akatikisa kichwa tu na kuonyesha ardhi. Changarawe tupu. Kwa hiyo ule upana wa kuchagua pa kulala, ambao nilikuwa nimeutegemea kwenye mchoro, haukuwepo.

Kyamar palikuwa pazuri. Bonde jembamba lenye kijito na nyasi fupi za kijani kilichochoka, na anga la buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Mchana fulana, usiku maji yanaganda. Ile siku ya mapumziko ndipo nilipobandika maharage. Mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu, badala ya 100. Yanachemka vizuri kabisa, mapovu, mvuke, kila kitu, lakini si moto. Saa ya kwanza nikaonja: jiwe. Saa ya pili: jiwe lililolowa. Acho-le alikuja, akachungulia sufuria, akaondoka bila neno. Saa ya tatu mwenzangu akazima jiko. Tulikuwa tumechoma mafuta ya taa ya siku mbili, na tukala tambi.

Usiku uleule niliacha chujio la maji nje ya hema. Kwenye vile vifuko vya kulalia tulikuwa tumeingiza betri, simu, hata soksi za kesho, lakini chujio nikalisahau kwenye begi la jikoni. Asubuhi limeganda kama barafu ya ukwaju. Vichujio vya aina ile, vyenye vinyweleo vya plastiki ndani, vikigandia maji havikuonyeshi ufa kwa macho, ila huwezi kuviamini tena. Ikabidi kila tone la kunywa lichemshwe, na mafuta ndiyo yale tumeyamalizia kwenye maharage. Hivyo tukaanza kunywa kidogo. Hakuna aliyesema "tunywe kidogo". Ilitokea tu, kama nyumba inavyopunguza sukari mwisho wa mwezi.

Na jua. Nilikuwa nikiamini ngozi yangu haiungui. Siku ya tatu pua ilianza kubambuka kama kitunguu. Mwenzangu, mtoto wa pwani, alikuwa amejipaka krimu mpaka masikioni, uso mweupe kama mwali. Alinitazama, akaniwekea chupa ya krimu mapajani, akaondoka.

Siku ya nne tukavuka migongo miwili. Kyamar La niliivuka nikiimba. Mandalchan La niliivuka nimenyamaza. Kwenye kushuka Tisaling kichwa kilikuwa kinagonga nyuma ya macho, na nilipoinama kufungua kamba ya buti nikahisi dunia inaondoka kidogo upande wa kushoto, halafu inarudi. Mwenzangu aliniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Ni wageni wangapi wamenijibu hivyohivyo, nami nikawatazama machoni nikijua wanadanganya, nikawaambia mlimani hakuna mtu anayelipwa kwa kuficha!

Sikula. Nikasema tambi zimenichosha. Nikatapika nyuma ya hema, nikafukia kwa buti.

Saa tatu usiku zipu ya hema ikafunguka, tochi usoni. "Waumwa na huneni?" Mwenzangu alikuwa ameona mahali nilipofukia. "Toka. Utembee."

Mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kipimo hicho bwenini, tukitembea kwenye mstari wa vigae: kisigino kiguse ncha ya kidole, hatua baada ya hatua, mikono ubavuni. Anayeyumba, ubongo wake umeanza kuvimba, na huyo hasubiri asubuhi. Akanyoosha kamba ya hema chini kwenye changarawe, mita kama tatu, akaielekeza tochi. Nikatembea. Nikafika. "Umeona?" nikamwambia. Akanipa kidonge cha asetazolamaidi na kikombe cha maji ya moto, akakaa mlangoni mwa hema langu na blanketi la farasi mabegani. Saa sita akanitoa tena. Nikafika, polepole. Saa tisa akanitoa tena, baridi ya kukata masikio, nyota zimejaa mpaka zinasumbua. Hatua ya sita mguu wangu wa kulia ulikanyaga nje ya kamba.

"Ni jiwe," nikasema.

Akashusha tochi. Hapakuwa na jiwe.

Kuanzia hapo nakumbuka vipandevipande. Nakumbuka karatasi yangu mwenyewe, mwandiko wangu, ikisomwa kwa sauti ya Kimombasa: dalili hizi, dawa hii, kiasi hiki, kama daktari alivyotuandikia, deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Niliiandika kwa ajili yake yeye. Nakumbuka Acho-le akipiga miluzi gizani kuwatafuta farasi, kwa maana usiku huwa wanatawanyika kufuata nyasi, na huo muda wa kuwatafuta nao haumo kwenye ramani yoyote. Nakumbuka wakibishana mbele au nyuma, na mwenzangu akifungua daftari la miraba kwenye mwanga wa tochi, akiweka kidole mahali palepale nilipokuwa nimeweka changu. Nyuma migongo miwili. Mbele mmoja, kisha Tso Kar, na leo ni siku ya tano.

Walinipandisha farasi. Kupanda na dalili zile ni kinyume cha kila nililofundishwa, mita mia tatu za kwenda juu ili tupate mia saba za kushuka, lakini katika bakuli lile hapakuwa na uamuzi mzuri. Mzuri tungeuchukua mwezi Aprili, juu ya daftari. Shibuk La tuliifikia jua likichomoza. Acho-le alizunguka lundo la mawe lenye vitambaa vya sala, akasema maneno yake, hakusimama hata dakika. Mwenzangu alikuwa ameshika mkia wa farasi wangu ili asiachwe nyuma, anahema kama mvukuto, kijana wa ngazi za Fort Jesus.

Tso Kar maana yake ziwa jeupe. Chumvi imekauka ufukweni, na kwa mbali ukiwa juu unaona kama mtu amemwaga unga. Wachangpa, wafugaji wa mbuzi wa pashmina, ile sufi laini, na wa yaki, ng'ombe wa manyoya marefu, walikuwa wakikusanya chumvi hiyo na kuifanyia biashara. Maji ya pale hayanyweki. Kambi inakaa kwenye chemchemi pembeni. Walipita kiang, punda mwitu wa kule, kundi la kama ishirini, vumbi nyuma yao, na huo ndio uzuri pekee nilioweza kuutazama siku ile bila kufumba jicho moja.

Gari halikuwepo.

Ilikuwa saa sita mchana. Mwenzangu alikaa juu ya sanduku la jikoni akiangalia upande wa barabara, na mimi nililala nimefunikwa uso kwa shuka. Hapo chini kichwa kilikuwa kimelegea kidogo. Nilitembea kamba tena, nikafika. Saa nane na dakika kumi likatokea vumbi moja lisilo la punda. Dereva alishuka na mfuko wa nyanya na mkungu mdogo wa ndizi alioutoa sijui wapi, anatabasamu, akanitazama, tabasamu likaisha. Hakuuliza. Alianza kukunja kiti cha nyuma.

Akataka kupita Tanglang La, ni karibu, saa nne tu. Mwenzangu akakataa. Dereva akasisitiza. Mwenzangu akamwonyesha daftari. Sijui dereva alielewa nini katika ile michoro ya msumeno, lakini aligeuza gari mashariki. Polokongka La niliipita nimekamata mlango kwa mikono miwili. Puga palinuka yai bovu, salfa ya chemchemi za moto. Mahe wakachukua nakala ya kibali, nyingine, na nyingine. Halafu Indus, mto wa rangi ya kahawia unaokwenda upande wetu, na kila kona niliyohesabu ilikuwa chini kidogo ya ile iliyopita. Tulipofika Chumathang, kwenye mita kama 4,000, niliomba ndizi. Mwenzangu aliimenya, akaikata kipande, akakaa ananitazama nikitafuna kama mama anayemtazama mtoto wa kwanza.

Hospitali Leh waliniwekea oksijeni usiku ule na mchana wake. Daktari aliniuliza kama nimewahi kwenda juu kabla. Nikamwambia mara kumi na moja. Aliandika kitu, hakuinua uso.

Ziwa Tso Moriri hatukuliona. Acho-le aliendelea Korzok na farasi wake kama alivyokusudia, maana kwao ndiko huko. Alituaga kwa "julley" moja tu, ile inayotosha kwa salamu, shukrani na kwaheri, akamkamata mwenzangu kichwa kwa mikono miwili, akakigonganisha na chake taratibu. Mimi akanipa mkono. Mwenzangu hakulalamika juu ya ziwa hata mara moja, na hilo lilikuwa zito kuliko angelalamika.

Siku niliyotoka hospitalini, mama mwenye nyumba ya wageni alifungua mifuko yetu ya jikoni ili aianike juani. Akayakuta maharage yaliyobaki, kilo mbili na ushee. Akacheka, akasema kitu kwa Kiladakhi ambacho sikuhitaji kutafsiriwa, akayaloweka usiku kucha, na asubuhi akayatia kwenye ileile presha kuka niliyoikataa. Tukakaa watatu jikoni, karibu na jiko. Nikamuuliza yatachukua muda gani. Akanyanyua vidole vinane: filimbi nane.

Mwenzangu alikuwa na daftari la miraba magotini na kifutio mkononi. Alikuwa ameshafuta Tisaling.

Filimbi ya sita ilipolia, simu yangu iliyokuwa imeunganishwa na intaneti ya nyumba ile ikaanza kutetemeka juu ya meza. Baba mdogo. Nikaitazama ikizunguka kidogokidogo kuelekea ukingoni mwa meza, nikaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya mwenzangu ili aipokee yeye.